Saa Mbili za Fundi wa Kola

King'ora cha saa saba mchana kililia, na geti la kiwanda cha mashati likamwaga watu barabarani. Fundi wa kola alikuwa anapenya umatini, gauni la kijani alilolikata mwenyewe likimkaa sawasawa, kijana mrefu mwenye rundo la fomu alipomsimamisha.

"Samahani, dada. Mimi ni mchumi, natoka chuoni. Dakika tano tu."

"Na njaa yangu umeiuliza?"

"Nitaiomba radhi."

Fundi akacheka, akasimama. Swali kubwa lilikuwa moja: malipo ya saa yakipanda, utafanya kazi saa nyingi zaidi, au chache?

"Chache."

"Swali umelielewa, dada?"

"Nimelielewa mno! Nikipata kwa saa nane ninachopata sasa kwa saa kumi, mbili zinazobaki ni zangu. Nasomea ukataji wa nguo, kaka. Sitaki kuzeekea kwenye kola."

Kijana akaandika, kisha akaomba namba ya simu. Hiyo haikuwemo kwenye fomu.

Kuanzia hapo, kila jioni fundi akitoka darasani, simu inaita.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, Bwana Maswali. Lingine?"

"Umenikumbuka?"

"Hilo jaza mwenyewe."

Jamani, alipenda! Alipenda hadi akawa anajishtukia anaimba mbele ya cherehani.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao akamfuata chuoni bila kumwambia. Mchumi alikuwa ametoka kidogo. Mezani palikuwa na fungu la fomu, juu yake kikaratasi kwa mwandiko wa mpenzi wake: "Zisitumike. Hawakuelewa swali." Fomu ya kwanza ilikuwa ile aliyojaziwa yeye getini.

Damu ikamchemka. Mlango ukafunguliwa.

"Mpenzi! Mbona hukuniambia..."

"Kumbe sikuelewa?"

Mchumi akababaika. "Sikiliza, mama. Modeli yetu, zile hesabu za kukisia watu watafanya nini, inasema malipo yakipanda, mtu huongeza saa. Majibu kama yako yanaivuruga."

"Basi isiyoelewa ni hiyo modeli! Miezi mitatu unaniita mpenzi, kumbe rohoni unaniona mjinga."

Akaondoka. Kwa siku kumi simu iliita, hakupokea, ingawa kila ikiita moyo ulimuuma.

Siku ya kumi na moja mchumi alikuwa getini, shati halijapigwa pasi.

"Nimewarudia wote wa lile fungu, mmoja mmoja. Mwingine anataka muda wa kulea, mwingine ana kibanda chake cha biashara. Wote mlielewa. Mjinga nilikuwa mimi, na kesho nasema hivyo mbele ya maprofesa. Njoo, nakuomba."

Alikwenda, kichwa juu. Mchumi alipomaliza kueleza kosa lake, profesa mmoja akakunja uso.

"Una hakika gani kwamba mafundi hawa walielewa?"

Fundi akasimama kabla mchumi hajafungua mdomo.

"Mimi ni mmoja wao, profesa. Niulize."

Akaulizwa, akajibu, bila kutetemeka: saa kumi za kiwanda zikiwa nane kwa malipo yale yale, mbili ni za mtu kujijenga. Profesa akachukua kalamu, akaanza kuandika. Fundi akakaa, kifua kimemjaa fahari.

Nje, kwenye ngazi, mchumi akamshika mkono.

"Nataka kukuoa, fundi wangu. Unanikubali?"

"Nakukubali. Njoo Jumamosi uongee na baba."

"Asubuhi?"

"Asubuhi niko darasani."

"Hata siku ya posa?"

"Hata siku ya posa. Njoo saa tisa," alisema fundi, na hakupunguza hata dakika ya darasa lake.