Chakula cha Damu

Fundi cherehani hakujua kukaa kimya kazini. Mguu ulikanyaga pedali, mikono ilisukuma kitambaa, na mdomo ulipiga soga na kila aliyepita mlangoni. Uzi ukiisha, alichukua mwingine, akailamba ncha na kuifyonza kidogo, ndipo akaipitisha kwenye tundu la sindano. Mshono ukikamilika, aliukata uzi kwa meno. Mkasi alikuwa nao, tena mkali, ila ulikaa mezani bila kazi.

Wiki ya mwisho ya likizo, soga ilikatika. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka siku nyingi, na sasa liliuma mpaka sikioni. Fundi alinunua vidonge vya maumivu dukani, akameza asubuhi na jioni. Akashona sare za shule bila kusema neno. Wateja wakajua mambo si mazuri.

"Nenda kaling'oe," mkewe alimwambia. "Jino likishaoza, kulibembeleza hakusaidii."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nina sare kumi na nne hapa."

"Na shavu hilo? Watu watadhani umeficha vifungo mdomoni."

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye zahanati ya meno, mtaa wa pili. Muuguzi wa mapokezi aliandika umri wake, kisha akamuuliza, "Una ugonjwa wowote, baba?"

"Sina."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

Kwa jinsi alivyoelewa yeye, hakusema uongo. Miaka miwili nyuma, damu iliganda ndani ya mguu wake wa kushoto. Mguu ulivimba, akalazwa hospitali kubwa, akarudi na vidonge vya kuzuia damu kuganda. Alitakiwa kumeza kimoja kila jioni. Fundi alivichukia. "Mtu wa dawa ni mgonjwa," alisema, "na nani atampelekea mgonjwa kitambaa chake?" Mkewe hakubishana naye. Jioni alikileta kidonge pamoja na sahani, akasema, "Fundi, chakula cha damu." Fundi akacheka, akakimeza.

Tangu siku hiyo neno dawa halikutajwa tena nyumbani mwao. Hata siku za kwenda kupimwa damu hospitali, walisema Fundi amekwenda kuonyesha mguu. Mguu ukapona, naye akajihesabu mzima.

Tabibu wa meno alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimdunga sindano ya ganzi, akangoja mpaka mdomo ukafa ganzi. "Utasikia nikisukuma na kuvuta," alisema. "Maumivu makali hutayasikia. Ukiyasikia, inua mkono."

Mkono haukuinuliwa. Gego lilitoka, na tabibu akaweka pamba mahali pake. "Uma hii nusu saa, usiitoe. Leo usiteme, usisukutue, wala usifyonze kitu. Damu itaganda kwenye tundu, iwe donge. Donge hilo ndilo kifuniko cha kidonda. Likitoka, damu inaanza upya."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Wengi wetu huitikia hivyo, mawazo yakiwa kwingine. Ya kwake yalikuwa kwenye sare.

Alirudi kwenye cherehani yake, na hakufikisha hata robo saa. Mteja aliuliza habari ya kola, Fundi akatoa pamba amjibu. Kisha uzi ukaisha. Akailamba ncha, akaifyonza kama alivyozoea tangu ujana wake. Baadaye alisikia ladha ya chuma mdomoni, akatema kwenye kopo. Akatema tena, na tena. Saa tisa alasiri, tone jekundu lilianguka kwenye shati jeupe la mtoto wa watu.

"Mama watoto," aliita. "Hebu njoo."

Mkewe alichungulia ndani ya kopo. Hakupiga kelele. "Simama, twende," alisema. Akachukua mkoba wake. Jioni ilikuwa inakaribia, kwa hiyo akatia humo bahasha ndogo ya chakula cha damu.

Kule zahanati, tabibu alimkalisha wima, akakunja pamba nene, akaikandamiza kwenye tundu. "Uma. Uma kwa nguvu. Umetema leo?"

Fundi akakubali kwa kichwa.

"Umefyonza kitu?"

Fundi akainua vidole viwili, akaonyesha mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tabibu akahema.

Dakika ishirini zilipita, pamba ikalowa. Akaiweka nyingine, nayo ikalowa. Fundi alihisi baridi kwenye vidole, akamwona tabibu akimtazama kwa macho mengine. Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Alifikiri, kumbe mtu anaweza kufa kwa jino.

"Mama," tabibu alimgeukia mkewe, "huyu baba anatumia dawa yoyote?"

"Hapana, daktari. Hatumii dawa." Kisha mkono wake ukasimama juu ya mkoba. "Anatumia chakula cha damu tu."

"Chakula gani hicho?"

Mkewe alitoa bahasha, akaiweka kwenye kiganja cha tabibu. Tabibu alisoma maandishi yake. "Mama, hii ni dawa. Inazuia damu kuganda. Na sisi hapa tunaitaka damu igande."

"Na vile vidonge vya maumivu vya dukani?" mkewe aliuliza. "Amevimeza wiki nzima."

"Vingine navyo huongeza utokaji wa damu. Mtu anayetumia dawa hii asijinunulie, aulize kwanza."

Mkewe akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyeiita chakula," alisema. "Mimi mwenyewe."

Fundi alitaka kumwambia kwamba si kosa lake, kwamba yeye ndiye aliyelikataa neno dawa. Maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema. Leo alikuwa nalo, na mdomo umejaa pamba. Akamshika mkono.

Tabibu aliweka dawa kwenye tundu, akalishona kwa uzi mwembamba. Alimpima damu, akampigia simu daktari wa hospitali kubwa anayetibu mguu wake. Jua lilipokuwa linazama, pamba ilitoka ikiwa karibu nyeupe.

"Ningejua, bado ningeling'oa," tabibu alisema. "Lakini ningepima damu kwanza, ningeongea na daktari wako, na tundu ningelishona papo hapo. Swali la dawa hatuulizi kwa udadisi, baba. Kidonge, sindano, mizizi, hata kile unachokiita chakula, kitaje. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Basi aviache vidonge hivi?" mkewe aliuliza.

"Asithubutu kuviacha mwenyewe. Damu ikiganda tena mguuni, inaweza kupanda mpaka mapafuni, na huko inaua. Daktari wake ndiye wa kusema. Kidonge cha leo amesema kingoje mpaka kesho, tukishampima tena."

Kisha akawaeleza taratibu, na safari hii Fundi alisikiliza. Ale chakula laini, kisiwe cha moto. Asivute sigara. Kesho, siku ikitimia, aanze kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu ikitoka tena, akae wima, aume kitambaa safi kilichokunjwa kwa nusu saa. Isipokoma, aje mara moja. "Na maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, au ukivimba, ukapata homa, au kinywa kikanuka vibaya, usingoje. Njoo."

Sare zilichelewa siku mbili, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lile shati jeupe halikutakata. Fundi alishona jingine. Sehemu safi za lile la zamani alizikata vipande vidogo, akavifanya mifuko, akaishona kwa ndani kwenye kila shati lake. Humo aliweka kadi yenye jina la dawa.

Miezi minane baadaye, gego la kushoto nalo lilifika mwisho. Fundi alikaa mbele ya muuguzi yuleyule.

"Unatumia dawa yoyote, baba?"

Fundi aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa kadi. "Natumia," alisema.

Walimpima damu kwanza, wakaongea na daktari wake, wakang'oa na kushona. Siku hiyo hakushona nguo. Alikaa mlangoni ameuma pamba, akiwasalimu wateja kwa mkono. Walimtania kwamba leo mtaa umepumzika. Nusu saa ilipotimia aliitoa. Damu ilikuwa imekoma.

Jioni mkewe alileta uji uliopoa, glasi ya maji, na kidonge kwenye kisahani.

"Fundi," alisema, "dawa yako."

Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akakimeza.