Kengele Aliyoikwangua Sake

Vumbi la soko la mifugo la Garissa liliingia mpaka kwenye meno siku Sake alipoigonga kengele ya ngamia wa mtu kwa kalamu, kisha akaitegea sikio.

"Abaayo, dada yangu, unanunua ngamia au unampima malaria?" mwenyewe akauliza. Aliitwa Olow, mrefu, macawis ya buluu kiunoni kama kikoi, kofia imelalia sikio moja.

"Nataka sauti yake tu."

"Sauti haiuzwi bila ngamia."

Sake akacheka, akarudisha mtandio wake wa manjano uliokuwa ukichezewa na upepo, akamweleza. Miaka minne nyuma, yeye na walimu wenzake wawili walifungua shule ya muziki katika ghala la ngozi lililoachwa. Mtoto halipi, mwalimu halipwi. Walianza na ndoo nne. Ndoo zilipopasuka, mama mmoja akaleta kengele ya mti ya ngamia wake aliyekufa kiangazi. Wengine wakaazimisha za kwao. Sasa zilikuwa kumi na mbili kwenye kamba, na watoto walipiga nyimbo nzima.

"Ya kumi na tatu nakuazimisha," Olow akasema, akaivua. "Mpaka mvua. Kundi likihama, ngamia wadogo wanafuata hii, si mimi."

Kengele ikazaa simu.

"Macaanto, mtamu wangu, umekula?" Olow aliuliza kila jioni.

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda, wallahi."

Simu zikazaa ahadi: Ijumaa baada ya sala, wazee wa Olow wangekwenda kumposa Sake, Mborana, kwa baba yake, karani wa mjini.

Mvua ikanyesha Jumapili. "Tuma kengele kwa lori la Modogashe," Olow akasema. "Kesho tunahama."

Sauti ya kengele ile haikupatana na za wenzake, naye Sake, mtoto wa mjini, alikuwa ameikwangua ndani kwa kisu mpaka ikapatana. Hakusema. Akaituma.

Jumanne simu ililia.

"Sake, wadogo wanne wamebaki vichakani. Kengele inalia, hawaji. Ulifanya nini?"

"Niliikwangua. Kidogo tu, Olow..."

"Kidogo! Na ukanyamaza. Nimlete nyumbani mke anayenyamaza hivi?"

Akakata. Jumatano Sake alipiga mara kumi na moja, haikupokelewa.

Alhamisi alfajiri alipanda lori la Modogashe, mkobani utomvu wa ubani na unga wa mbao vya kuzibia, na kwenye simu sauti ya kengele aliyoirekodi siku ilipofika shuleni.

Olow alimtazama kwa macho mekundu. "Umekuja kuimba?"

"Nipe kengele."

Akaziba, akagonga, akasikiliza rekodi, akakwangua, akaziba tena. Saa tatu nzima. Olow akamvisha ngamia mkubwa, wakamtembeza.

Vichaka kimya. Kisha shingo moja ikainuka mbali. Ya pili. Ya tatu.

"Wa nne?"

"Fisi alimpata jana."

Sake akakaa chini kwenye tope. Olow akachuchumaa mbele yake.

"Wazee watakuja kesho. Lakini niambie sasa: kuna kingine hujasema?"

"Kipo. Zile za kuazima... mbili pia nimezikwangua."

"Wenyewe wanajua?"

"Hawajui, na wanahama wiki ijayo."

Olow akashika kichwa, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Basi bakiza utomvu, mke wangu. Jumamosi tunaziba sote wawili."