Mchumba Wangu Alipopungua

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Ashrafu ni viatu. Alivaa raba nzuri, lakini kamba hazikufungwa na visigino alivikanyaga kama ndala. Nikadhani ni maringo ya mjini. Kumbe alikuwa hawezi kuinama kwa unene.

Wakati huo nilikuwa napika kwenye mgahawa wa Shangazi Mwanajuma, Tangini, Kibaha. Ashrafu alikuwa fundi simu ng'ambo ya barabara. Kila mchana alikuja kula, akinitania nami natazama chini, mwisho akaleta posa kwetu Mzenga. Baba mkubwa Jumbe, aliyenilea, aliniuliza mbele ya wazee kama nimekubali. Nikanyamaza. Kwetu mwali akinyamaza amekubali, basi uani wakapiga vigelegele.

Siku moja Shangazi aliita kwa kelele:

"Hamisa! Mchumba wako kaanguka!"

Nilimkuta amekaa chini mlangoni pa ofisi yake, amevaa koti zito la mvua na jua linawaka.

"Ashrafu, koti la nini?"

"La kuyeyusha mafuta. Nilikuwa nakimbia."

"Umekula?"

"Tangu jana nakunywa ule unga wa kukata tumbo. Nataka harusi ikifika niwe saizi."

"Saizi ya jeneza?" Shangazi akamwuliza, huku anamvua koti.

Tulimpeleka zahanati. Nesi Modesta alimpima presha, akapima tena, akaunusa ule unga.

"Umetengenezwa na nini huu?"

"Sijui, nesi. Niliununua stendi."

"Hujui, na unakunywa! Unakuharisha maji, wewe unasema umepungua. Utupe. Na usikimbie kwanza. Anza kutembea asubuhi, mwendo ambao unaweza kuongea. Ukishindwa kuongea, punguza. Soda acha. Ugali upungue, mboga za majani ziongezeke. Na urudi hapa kupima."

"Nitapungua lini?"

"Taratibu. Hukunenepa kwa wiki moja."

Kuanzia hapo tukawa tunatembea kukipambazuka. Shangazi alifuata nyuma kwa ajili ya heshima, akilalamikia magoti yake.

"Ongea, Ashrafu," nilimwambia, "nesi kasema."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Akaongea. Alinieleza habari za marehemu baba yake, aliyeanguka bafuni akiwa bado kijana, mnene kama yeye. Kwenye mgahawa alikuwa akinitania tu. Njiani ndipo nilipomjua.

Jumamosi tulijiunga na kundi la mazoezi kwenye uwanja wa shule, ambako wahudumu wa afya walikuwa wakipima watu presha na sukari bure. Vijana wakamtania:

"Bonge, uwanja unatikisika!"

"Ndiyo mjue nimefika," aliwajibu, akaendelea kunyoosha mikono.

Kwenye mgahawa nilimpakulia wali kidogo na mchicha mwingi. Alinuna, akala. Miezi ikapita. Presha ikashuka, shati likaanza kumpwaya, akaacha kuhema ovyo. Nesi akamruhusu kukimbia polepole.

Kosa letu lilikuwa kwenda Mzenga kwenye hitima ya jirani bila kumwambia mtu habari hizo. Tuliporudi Kibaha, ujumbe wa Baba mkubwa ukaingia kwenye simu yangu:

"Hamisa yule kijana ana nini. Watu wanasema. Njooni Jumapili na shangazi yako."

Jumapili wazee walikuwa wameshakaa mkekani.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba." Akamgeukia Ashrafu. "Mwanangu, shingo yako imekwenda wapi?"

"Nimepungua kwa mazoezi, mzee. Siumwi."

"Mtu ana ofisi, anakula mgahawani, halafu anakonda? Tulipokea posa ya mtu mzima mwenye afya. Sasa naletewa nusu yake!"

"Kaka, mimi nimetembea naye," Shangazi akasema.

"Wewe unamtetea mteja wako."

"Basi twendeni zahanati, tupime sote," Ashrafu akasema.

"Majibu ya mjini yananunuliwa. Mimi sitamtoa mtoto wa marehemu ndugu yangu akauguze mtu, kisha akae eda. Posa tunaivunja." Kisha akanitazama. "Hamisa, una neno?"

Watu wote wakanigeukia. Nikatazama mkeka.

"Amenyamaza," Baba mkubwa akasema. "Alivyokubali posa ndivyo alivyokubali kuivunja."

Ashrafu alisubiri kidogo. Aliponiona bado nimeinama, akasimama.

"Nashukuru, wazee. Hamisa, kwa heri."

Alikuwa ameshafika kwenye kizingiti.

"Sijakubali," nilisema.

"Nani kasema?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi. Baba mkubwa, nisamehe. Sijakubali. Ulipomwona amenenepa ukasema ana afya. Wakati ule ndipo alipokuwa anaumwa. Presha ilikuwa juu, alianguka mlangoni kwake. Chakula chake nakipakua mimi, na asubuhi natembea naye mimi. Kama unaogopa nitakaa eda, mimi niliogopa kabla yako. Ndiyo maana tulitembea."

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe mtoto ana maneno," Baba mkubwa akasema polepole. "Miaka yote nimekulea, sijakusikia ukisema mengi hivi." Akageuka. "Kijana, rudi ukae."

Ashrafu akakaa.

"Kesho nitakwenda na nyie huko kwa huyo nesi," Baba mkubwa akaendelea. "Anipime na mimi, maana nikipanda kilima cha kisimani siku hizi nasimama mara nyingi. Lakini hili la ndoa haliamuliwi na nesi. Na safari hii sitaki kimya chako, Hamisa. Sema kwa mdomo wako, mbele ya wazee hawa. Unamtaka?"

Hata kwenye ile miezi ya kutembea, kuongea kulikuwa kazi ya Ashrafu. Mimi nilikuwa nasikiliza tu.

Niliinua uso, nikamtazama yeye, si Baba mkubwa.

"Nakupenda, Ashrafu."