Maji Chini ya Boneti

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, baba alivaa bwelasuti yake iliyopauka magotini na kuniita uani. Baba alikuwa daktari wa mifugo. Wagonjwa wake waliishi mbali, kwenye njia za mawe na tope, na bila gari la kupanda milima asingemfikia hata mbuzi mmoja. Gari tulilihudumia wenyewe nyumbani. Mimi nilimpa spana, nikachomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa kitambaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya oili mpya, nautamani ule ua.

Gari letu la zamani tuliliita Kobe. Lilikwenda polepole, lakini lilifika. Mwisho wa kazi baba alibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji yakachomoka kwa nguvu, akaiosha injini mpaka ikang'aa. Kobe hakuwahi kulalamika. Mimi nililoa chapachapa, nikicheka.

Kobe alipochoka kabisa, baba alinunua gari jipya. Chini ya boneti lake kulikuwa na nyaya na vifuniko vyeusi vitupu. Kampuni iliyolitengeneza ilitupatia kitabu cha maelekezo na namba ya simu ya mafundi wake. Baba alikitupa kitabu kwenye droo ya gari kikiwa bado ndani ya nailoni.

"Gari ni gari," alisema. "Mimi nilianza kufungua boneti hao mafundi hawajaota meno."

Jumamosi moja tulilihudumia kwa makini kuliko siku zote, kwa sababu Jumatatu tulikuwa tumpeleke bibi hospitali. Bibi, mama yake baba, alikuwa na mtoto wa jicho. Alinitambua kwa sauti tu. Daktari wa upasuaji wa macho alifika huko mara moja kwa mwaka, akakaa siku chache tu. Baba alimaliza kazi kwa kuiosha injini, kama alivyozoea kwa Kobe.

Jumapili gari liliwaka, lakini taa ya rangi ya chungwa nayo ikawaka kwenye dashibodi. Hata baba alipokanyaga eksileta mpaka chini, gari lilitambaa tu. Alipima oili, akakagua chujio la hewa. Vyote vilikuwa sawa. Bibi alikuwa ameketi barazani, mkoba wa safari mapajani, ingawa safari ilikuwa kesho.

"Mwanangu, mbona linakohoa?" aliuliza.

"Si kitu, mama," baba alijibu, jasho likimtiririka.

Mwishowe aliipiga ile namba ya mafundi. Alipokea fundi mwanamke mwenye sauti ya upole. Alimwomba baba asome namba iliyojitokeza kwenye kioo cha dashibodi.

"Gari limejipunguzia nguvu ili lisijiharibu, kaka," alisema. "Tatizo liko kwenye eksileta. Kuna maji yaliyoingia kwenye injini?"

"Hapana," baba alijibu haraka. "Tumelihudumia kawaida tu."

"Basi kifaa kimekufa. Nitatuma kingine, pamoja na gari la kulivuta hilo lenu. Vitafika Alhamisi."

Alhamisi daktari wa macho angekuwa ameshaondoka!

"Baba," nilinong'ona, "na yale maji ya jana?"

Baba aliifunika simu kwa kiganja. "Nyamaza."

Sikuwa na mazoea ya kumjibu baba. Tena nilimwonea huruma: majirani wote walimletea magari yao awashauri, na leo alitakiwa kumwambia mgeni kwamba ameliharibu gari jipya kwa mikono yake mwenyewe. Lakini bibi alikuwa pale, akiupapasa mkoba wake.

"Samahani, baba. Bibi asubiri mwaka mzima kwa sababu ya maji?"

Baba alimtazama mama yake. Akakiondoa kiganja kwenye simu.

"Dada, sikukwambia kweli. Jana niliiosha injini kwa mpira wa maji. Kwa nguvu."

Nilidhani atafokewa. Fundi alicheka kidogo. "Afadhali umesema, kaka. Ningekutumia kifaa usichokihitaji. Zima gari, fungua waya wa betri, halafu tuitafute soketi iliyoloa, pale nyaya za eksileta zinapoungana."

Alituongoza hatua kwa hatua. Vidole vya baba vilikuwa vinene, havikupenya, ikabidi nichomoe soketi mimi. Ndani yake kulikuwa na matone ya maji. Tuliifuta, tukaiacha ikauke kabisa. Jioni baba aliirudisha, akawasha, akakanyaga. Gari lilinguruma mpaka kuku wakatawanyika, na bibi akapiga vigelegele.

Tuliporudi kutoka hospitali baada ya upasuaji, na bandeji zimeshatolewa, bibi alilizunguka gari lililojaa tope. "Ndilo hili lenye maringo? Mbona chafu hivi?"

"Ndiyo maana linatembea, mama," baba alisema. Kisha akanishika bega. "Mwanangu, ng'ombe hunificha ugonjwa kwa sababu hana mdomo wa kusema. Mimi ninao, lakini nilimficha fundi ukweli. Ukikosea, sema mapema, hata ukiona aibu. Na ukimwona mkubwa wako anasita kusema kweli, mkumbushe kwa heshima, kama ulivyonikumbusha mimi."

Jumamosi iliyofuata baba alikitoa kitabu kwenye nailoni. Nilinyoosha mkono nikisome, lakini bibi aliniwahi. Alikuwa hajasoma chochote kwa miaka mingi. Alivaa miwani ya kusomea aliyopewa hospitali, akakifungua, akasoma taratibu, kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha:

"Usioshe injini kwa maji ya nguvu."

Akainua macho, akamtazama baba juu ya miwani. Baba akauweka chini mpira wa maji.