Filta Nzito kwa Kifua cha Shufaa

Duka la nguo la Bwana Firoz, pale Mwanjelwa jijini Mbeya, lilikuwa limefurika wanunuzi. Othmani, fundi viyoyozi kutoka Ipogolo, Iringa, alikuwa juu ya ngazi akifungua kifuniko cha dari, kikamponyoka. Vumbi la miaka likamwagikia dada wa kaunta, gauni lake la kitenge cha zambarau likageuka kijivu.

"Kaka, tumeomba hewa, siyo sembe!" Dada akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akainama, akapapasa mkobani kutafuta kipulizio cha pumu.

Othmani akashuka mbio. "Dada, nimekuua?"

"Hujaniua. Pumu ninayo tangu utotoni. Ila gauni utafua."

Alifua kweli. Gauni likazaa chai, chai ikazaa simu. Jina lake Shufaa, na kila Othmani aliporudi Iringa alimpigia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, kipenzi, ila sauti yako sijaishiba."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Ikabaki kuchagua filta za kuchuja hewa ya duka, maana vumbi na moshi wa barabarani viliingia mchana kutwa. Othmani alipima feni ya mashine. Ilikuwa kuukuu, haingeweza kusukuma hewa kupita filta nzito kuliko ya kati. Alijua. Lakini kila alipokumbuka kile kikohozi, filta ya kati aliiona ni dharau. Akamshawishi Bwana Firoz anunue ile nzito kabisa, inayonasa hata moshi.

Haikupita wiki mbili, feni ikaelemewa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kuzuia vumbi, hewa ikadumaa, watu wakavuja jasho. Jumamosi mchana Shufaa akaanguka kaunta, akakimbizwa hospitali.

"Fundi, umetufunika blanketi humu! Shufaa yuko hospitali!" Bwana Firoz alifoka kwenye simu.

Jioni ile likatokea jina la Shufaa kwenye simu ya Othmani. Akaitazama simu ikiita mpaka ikakata. Angemwambia nini? Kesho yake ikaita tena, na keshokutwa. Siku ya nne ukaja ujumbe: "Nimeelewa. Mgonjwa ni mzigo. Mungu akujaalie mwenye kifua kizima."

Othmani akapanda basi la kwanza kwenda Mbeya.

Alimkuta Shufaa kwa dada yake, Chiku, ameegemea mto uani, amekonda ndani ya dera la kijani. Chiku akamtazama mgeni juu hadi chini, akaingia ndani.

"Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Shufaa, nilijua feni haitaiweza filta ile. Nikaiweka kwa ajili yako. Simu zako niliona aibu kuzipokea."

"Nami nikajua umenikimbia." Machozi yakamtoka. "Nililala na mpira wa oksijeni puani, nataka sauti yako tu. Hiyo nayo ilihitaji kupimwa?"

"Nisamehe. Nimepitia dukani sasa hivi, nimeweka ya kati, na madirisha ya nyuma nimeyazibua."

"Daktari anasema hata hiyo haitaniponya. Kifua nilichopewa ndicho hiki."

"Basi niruhusu nilete posa."

Shufaa akafungua kinywa kujibu, pumu ikamkaba. Othmani akampa kipulizio, akamshika mgongo. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Yeye aliyejua kupima hewa ya jengo zima hakuweza kumwazima mpenzi wake pumzi moja. Alikaa tu, mbavu zikihangaika chini ya kiganja chake. Chiku alisimama mlangoni akisoma dua, midomo ikimcheza.

Pole pole kifua kikatulia. Shufaa akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Umeona?" Sauti ilimkwaruza. "Ndiyo itakuwa hivi. Leo, mwakani, mpaka uzeeni."

"Nimeona."

"Umeogopa?"

"Sana."

Shufaa akamgeukia dada yake.

"Da Chiku, mwambie baba kuna wageni watakuja Ijumaa."