Kifuniko cha Giaboksi

"Ndama yuko wapi?" redio ilikoroma.

"Amepita Sakina, anakimbilia mpaka wa Namanga," Elinaza Sumari alijibu. Alimkwepa mbuzi, akakanyaga mafuta hadi Land Rover ikalia.

Saa mbili na robo asubuhi, mwaka 1953.

Ndama lilikuwa jina la siri la trekta. Lilikuwa limefunikwa turubai juu ya lori la Bedford lililokuwa likitimua vumbi mbele yake, na likivuka mpaka, Elirehema wa Kikatiti amekwisha. Kesi yake ilikuwa saa nne Bomani. Mwezi uliopita aliliendesha trekta hilo mlimani, gia ikachomoka, likarudi nyuma na kumponda mdogo wake Nathanaeli. Bwana Haskell, aliyewauzia wakulima mali hiyo, aliapa kwamba ni trekta la Halden jipya kabisa, la mwaka 1952, kibao cha kiwandani kinasema. Kama chuma ni kipya, basi mwenye kosa ni dereva. Mama yao, Hedwiga, alikuwa ameshazika mwana mmoja, na huyu wa pili alikuwa akingojea miaka saba gerezani.

Sumari aliyajua matrekta. Vitani Burma alikuwa fundi kabla idara ya siri isiyo na jina mlangoni haijamchukua. Majuma matatu alikuwa akiwafuatilia watu hawa: walinunua kwa siri mizoga ya matrekta iliyoachwa Kongwa baada ya mradi wa karanga kufa, wakaipaka rangi ya bluu, wakaigongea vibao vya uongo. Watu waliuza kahawa yao kununua maiti iliyopakwa poda. Kila akilifikiria jambo hilo, alitema mate.

Karibu na Ngaramtoni alichomoa bastola yake ya Webley.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Bedford iliyumba, ikaingia mtaroni, ikazimika. Haskell mwenyewe alishuka upande wa kushoto na bastola yake, bado anatafuna yai la kuchemsha. Sumari alimpiga kifundo cha mkono kwa kitako cha Webley, bastola ikaangukia kwenye majani. Makombo ya yai yalibaki yamemganda mwanamume yule kwenye masharubu, na Sumari alitazama pembeni.

Haskell alisema hawa washamba wasingejua jipya na kuukuu hata kwa miaka mia. Alisema bila haya, kama anayezungumzia kuku.

Sumari alimpandisha kwenye lori, akamfunga pingu kwenye usukani wa Halden lake jipya.

Dereva wa lori alikuwa bado ameketi, mikono juu. Mzee mfupi, vidole vyeusi kwa grisi. Sumari alimjua kwa picha: Jabiri, fundi wa genge hilo.

"Shikamoo, mzee," alisema, Webley ikimtazama.

"Marahaba," Jabiri alijibu, maana heshima ni heshima hata mbele ya bastola.

Kibao cha trekta kilikuwa safi, misumari yake inang'aa. Chini ya tumbo, mahali namba huchongwa kwenye chuma chenyewe, tupa ilikuwa imepita, kisha putti ya kuzibia, kisha rangi. Hapo hapakuwa na ushahidi. Sumari alichukua spana, akafungua boliti nane za giaboksi. Mafuta yalinuka kama samaki aliyesahauliwa. Meno ya gia yalikuwa yamechomelewa ovyo.

Alikigeuza kifuniko na kukipangusa ndani.

Vitone vitatu, na 48. Pembeni yake, vitone vitatu tena, na 53.

"Kongwa tulilipwa kwa alama," Jabiri alisema taratibu. "Hukugonga alama yako na mwaka, mnyapara anasema hukufanya kazi. Nimegonga miaka mitatu, mwanangu. Mwaka huu nilipolifungua tena kabla ya kuuzwa, mkono uligonga wenyewe. Mazoea yana taabu."

"Ulijua litaua?"

Mzee alijifuta grisi vidoleni. Alisema alijua lingeharibika, hakufikiri juu ya mtu. Sumari alimchukia, kisha akachoka kumchukia. Alimwambia jambo hilo akaliseme mbele ya hakimu, na Jabiri akaingia mwenyewe kwenye Land Rover.

Sumari alilipiga trekta na alama zake picha kwa kamera yake ndogo ya Minox, akaagiza askari wa Ngaramtoni wamchukue Haskell, kisha akatoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Kifuniko kije kwangu," Bwana Pryce alisema redioni. "Mahakamani kisifike. London wataanza kuuliza nani aliyatoa matrekta Kongwa."

"Na Elirehema, aliye kizimbani?"

"Ni dereva mmoja tu, Sumari. Afungwe."

Sumari aliitazama redio kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. Akaizima.

Saa nne na dakika tano alikitua kifuniko juu ya meza ya hakimu, mafuta yakachuruzika kwenye makaratasi. Jabiri alieleza alama zake moja moja. Sumari aliongeza sentensi moja tu.

"Mheshimiwa, trekta hili lilizaliwa mwaka hamsini na mbili, lakini lilikwisha kutibiwa mwaka arobaini na nane."

Hakimu alikisoma kifuniko mara mbili. Elirehema aliachiwa kabla ya adhuhuri, Jabiri akabaki na askari.

Mama Hedwiga alisogea mezani. Aliweka kidole kwenye vitone, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Kwa hiyo si mwanangu aliyemuua mwanangu?"

"Siyo yeye, mama."

Alijifunika uso kwa khanga. Elirehema alipiga magoti miguuni pake, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mama alimshika kichwa.

Nje, Pryce alikuwa anangoja, uso mwekundu. Alisema alitoa amri.

"Nimeisikia, bwana. Imenichefua."

Sumari alimwekea funguo za Land Rover kiganjani, zikiwa bado na mafuta ya giaboksi, akavuka barabara kwa miguu kutafuta maji na sabuni.