Mtumbwi wa Mzee Jilo

Siku Hiribae alipoondoka Garsen, mwaka wa 1956, karakana yao ilikuwa imebakiza kutiwa mlango tu. Kuta za fito na udongo zilikwisha kukauka, nguzo zilikuwa magogo ya kivuko kilichovunjwa, na madirisha yalizibwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopondwa. Humo Hiribae angefundisha vijana kuchonga mitumbwi, naye mpenzi wake Kadii angefundisha kusuka.

Walikuwa wamekutana kivukoni siku ya mnada, ng'ombe wakisukumana, Kadii kajifunga leso nyekundu, mzigo wa miaa ya kusukia mikeka kichwani.

"Bibie, miaa hiyo inatembea yenyewe? Simwoni mwenye kuibeba."

"Kama macho mabovu, mabega unayo. Beba."

Akabeba, na tangu hapo hawakuachana.

Mlango, Kadii alitaka uwe zawadi yake kwa Hiribae. Alikuwa Mgiriama, mgeni wa mto. Alipoona mtumbwi mkuukuu umefudikizwa ukingoni, nyasi zimeuzunguka, alidhani umetupwa. Akaazima msumeno, akaukata vipande vitatu, akavilainisha kwa tezo na kuviunga mlango. Kisha akamwita Hiribae.

"Fumba macho, mpenzi. Haya, fumbua!"

Hiribae alipapasa ubao. Kidole kikasimama kwenye alama iliyochongwa.

"Umeutoa wapi?"

"Ukingoni. Si ulisema tusitupe kitu?"

"Ni wa babangu Jilo, Kadii. Mto ulimchukua miaka sita iliyopita, hakuonekana. Sisi watu wake tulimwachia mtumbwi wake palepale ukingoni, apate cha kurudia. Matanga hatujaweka. Mama bado anampakulia chakula."

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Asubuhi Hiribae akashuka na mto kwenda Kau, kwa mamake, bila kuaga.

Siku ya tatu Kadii aliukuta mlango, alioutundika mwenyewe, umelowa hadi usawa wa magoti. Kilikuwa kiangazi, mvua haijulikani ilipo. Siku ya tano ulilowa hadi usawa wa kiuno, ukinuka tope la chini kabisa ya mto.

"Dada, mlango unaumwagilia?" akauliza rafikiye Kabibi.

"Naumwagilia uote majani. Unataka mche?"

Wakacheka. Hapo ndani ya karakana, iliyokuwa tupu, kukagongwa mara tatu, polepole, kama mtu anayekung'uta kafi kwenye ubavu wa mtumbwi.

"Nani yumo?"

"Hamna mtu," Kadii akajibu.

"Basi mimi sikai," Kabibi akasema, akaondoka bila viatu vyake.

Siku ya saba ulilowa hadi usawa wa kifua. Kadii akaung'oa mlango peke yake, akaufumua.

"Mzee, nisamehe," akaviambia vile vipande. "Mkono wangu ndio uliokata. Acha na kushona ushone wenyewe."

Alitoboa matundu, akasokota kamba za miaa, akashona siku mbili mpaka vidole vikachubuka. Kalafati, ya kuzuia maji yasipenye, hakujua kutia. Kidole kilipita kwenye nyufa. Akaufudikiza mtumbwi ukingoni, mahali pake.

Kulipokucha haukuwapo. Palikuwa na mburuzo hadi majini, na hakuna nyayo. Kadii akakaa chini akalia. Sasa Hiribae hatarudi kabisa.

Alirudi siku ya nne baada ya hapo, kwa mtumbwi wa kuazima, amekonda, shati jeupe limechafuka.

"Mtumbwi umepotea tena, Hiribae. Nitukane ukitaka."

"Haukupotea. Uko Kau. Mama aliamka akaukuta mbele ya nyumba, umeelekea mlangoni. Wote mkavu, ila pale anapokaa mpiga kafi palikuwa pamelowa."

"Ule hauwezi kuelea. Niliushona mimi."

"Na mimi ni fundi. Hauwezi."

Kadii akaugeukia mto.

"Mama kasema baba amefika," Hiribae akasema. "Tumeweka matanga, tumemlilia. Halafu akauliza nani ameshona. Nilipomwambia, akasema, 'Huyo mlete.'"

"Nije kama nani?"

"Kama mke wangu, ukinikubali."

"Na mambo yenu utaniambia?"

"Yote. Hata usiyoyauliza. Utachoka."

"Sitachoka," akasema Kadii. "Twende."

Walioana baada ya mavuno ya mpunga. Karakana ina wanafunzi kumi na mmoja. Jumatatu Kadii hufundisha kusokota kamba, Alhamisi Hiribae hufundisha kuchonga, na masomo huanza saa mbili asubuhi.